Mlima wa Manila

Mchumba wangu alishuka kwenye lori siku hiyo amekumbatia boksi, shati lote vumbi jekundu, na badala ya kunisalimia akasema, "Mwalimu, nimekuletea vita."

Alikuwa muuza mitumba sokoni Masasi. Ilikuwa miaka ya soko huria, wakati vitu vilipoanza kutokea ghafla madukani na sisi tukabaki kuvitumbulia macho: sabuni za rangi tatu, redio za kaseti mbili, soksi zenye picha za sungura. Marobota ya mitumba yakifunguliwa hakuna aliyejua kitakachotoka. Aliwahi kutoa viatu vyenye kisu chini ya soli, na mpaka leo sijui nani alivinunua wala alikwenda navyo wapi. Hilo boksi lilitoka katikati ya robota la nguo za watoto, kona moja imechanika, na yeye badala ya kuliweka mezani akalificha chini ya kiti ili aniletee mimi.

Ndani mlikuwa na ramani nene ya kukunjua, imegawanywa vichumba vya pembe sita kama sega la nyuki. Mlikuwa na vipande vya kadibodi vyenye picha za askari wa zamani, farasi na mizinga. Mlikuwa na dadu mbili, na kijitabu cha sheria kwa lugha ambayo haikuwa Kiswahili wala Kiingereza. Tulikisia ni Kijerumani, kwa sababu kila neno lilikuwa refu mno.

Kabla sijaendelea na vita, nieleze sisi tulikuwa tumekwama wapi. Mama yangu ni Mmakua, na kwetu upande wa mama mwanamume akioa ndiye anayehamia kwa wakwe. Anajenga hapo, analima hapo, anatazamwa na mama mkwe kuanzia alfajiri, na akiwa mvivu habari zinafika kwao kabla hajamaliza kupiga mwayo. Mchumba wangu ni Myao, na Wayao wa zamani nao desturi yao ilikuwa hiyohiyo. Kwa hiyo washenga wake walipopanda kwetu Newala, juu mlimani, kuomba mimi niteremke Masasi, waliona aibu wenyewe. Walisema biashara. Walisema ukikosekana sokoni kidogo tu, meza yako inapata mwenyewe mwingine.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa na kauli juu yangu. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno mengi na mita shingoni. Aliwasikiliza huku anashona, kisha akawauliza, "Na babu zenu walipoolewa, wao hawakuwa na meza?"

Wakacheka, wakanywa chai, wakaondoka bila jibu.

Mimi nilimpenda yule mwanamume mpaka nilikuwa najikuta natabasamu ubaoni, watoto wa darasa la nne wa shule ya Makote wakikonyezana nyuma yangu. Lakini nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Magoti yake yalikuwa yamechakaa kwa kuteremka ukingo wa mlima na kupanda tena na ndoo kichwani, maana kule juu hakuna mto wala kijito. Mabomba yapo, ila pampu ikiugua, na ilikuwa inaugua mara nyingi kuliko mimi, wanawake wanarudi bondeni kwenye chemchemi kama zamani. Kumwacha peke yake pale, kwenye kiwanja alichozaliwa yeye na mama yake, sikuweza hata kulifikiria. Sikumuuliza. Niliona ni jambo lisilohitaji kuulizwa.

Basi hali ndiyo hiyo: yeye akipanda, meza yake inakufa, mimi nikishuka, mama anabaki peke yake. Tulikuwa tunapendana na hatuna pa kukaa.

Tuliufungulia mchezo barazani kwa mjomba, kando ya cherehani. Kijitabu hatukuweza kukisoma, ila kilikuwa na picha, na picha moja ilinipandisha mori. Farasi walikuwa wanapanda vichumba vya kahawia, yaani milima, na mshale ulionyesha wanakwenda mwendo uleule wa kwenye vichumba vya kijani. Uleule! Nikamkasirikia mtu ambaye sikujua hata anakaa nchi gani.

"Aliyechora hii hajawahi kupanda Newala," nilisema. "Hajawahi kupanda hata ngazi."

"Ni mchezo tu, mwalimu," mchumba wangu akasema.

"Mlima si mchezo."

"Mjomba, msikie."

"Namsikia," mjomba akasema. "Na yuko sawa. Farasi gani huyo hahemi?"

Nikachukua karatasi za manila nilizokuwa nimebakiza kwenye zana za kufundishia, na tukaanza kuutengeneza mlima wetu wenyewe. Tulikata maboksi ya sabuni, tukayabandika tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya uji wa muhogo, mpaka ukingo ukasimama mezani umenyooka hasa, huwezi kuutazama bila kuhisi magoti. Juu yake tukaweka Newala. Chini kabisa tukaweka Masasi na vilima vyake vya mawe, na vilima tukatumia mawe ya kweli. Vijiji vya Chiwata na Lupaso tukaviandika kwa penseli. Bondeni, chini ya ukingo, nikapaka chemchemi kwa chaki ya bluu, kwa sababu mimi nikifanya kitu nakifanya.

Vita tulikuwa navyo tayari. Kila mtoto wa huku amekua akisikia jinsi Wangoni walivyoivamia nchi ya chini, na watu wakakimbilia juu ya mlima kujificha vichakani. Mimi nikawa watu wa mlimani. Yeye ikambidi awe Wangoni.

"Mimi, Myao mzima, nigeuzwe Mngoni?" alilalamika.

"Utapata ng'ombe," mjomba akamliwaza.

Mara ya kwanza tulijaribu kwa sheria ya picha, mlima na tambarare mwendo mmoja. Alitoka Masasi na majeshi yake akafika Newala kabla chai haijapoa. Akaiteka, akanyoosha mikono, akaanza kuimba. Nikayakataa matokeo palepale.

Mara ya pili niliandika sheria mimi, sheria za kweli. Kupanda kichumba kimoja cha ukingo ni zamu tatu, na zamu moja ya kupumzika. Ukiwa na mzigo, mara mbili. Mvua ikinyesha, na mvua ilikuwa inaamuliwa kwa dadu, unarudi nyuma kwa utelezi. Nilijiona nimetenda haki kwa kila mwanamke aliyewahi kupanda ule mlima. Tulicheza Jumapili nzima. Wangoni walikaa katikati ya ukingo wanahema, watu wangu walikaa juu wanawatazama, na hakuna mtu aliyemgusa mwenzake. Mjomba alilala mdomo wazi na dadu mkononi.

"Hii ni kazi ya kulazimishwa," mchumba wangu akasema.

"Ndivyo mlima ulivyo."

"Basi mlima wa Mungu mwachie Mungu. Sisi tupe wa kuchezea."

Nilinuna, lakini maneno yakaniingia. Mimi nilikuwa nimeweka uchovu wote wa mlima mezani na kusahau kwamba hata mlima wenyewe una raha zake. Mtu anayepanda Newala hachoki tu. Anacheka, anatukana, anaomba dua, anashika mkia wa shati la mwenzake. Hayo yote sheria zangu hazikuwa nayo.

Nikakumbuka lori. Anayeijua barabara ya Masasi kupanda Newala miaka ile anajua ninachosema. Gari likifika kwenye kona kali linaanza kukohoa, dereva anapiga kelele, na utingo anaruka chini na gogo la mti, anakimbilia nyuma kulisukumizia chini ya tairi. Gogo likiwahi, mmepona. Lisipowahi, abiria wote wanakuwa wachamungu mara moja. Nilikuwa sijamaliza hata kusema, tukatazamana wote watatu.

"Gogo!" tulisema kwa pamoja, na mjomba akapiga meza mpaka Chiwata ikahama.

Hiyo ndiyo ikawa sheria. Unapanda kwa dadu, haraka upendavyo, hata vichumba vinne kwa mpigo. Lakini ukisimama kwenye ukingo lazima uweke gogo nyuma ya jeshi lako, na magogo, ambayo yalikuwa punje za mahindi, hayakuwa mengi. Ukisimama bila gogo, jeshi zima linaserereka mpaka bondeni na kupoteza mtu. Hatukuona kasoro yoyote. Askari wa zamani, wenye ngao na mikuki, wakiwekewa gogo nyuma wasirudi kinyumenyume! Miaka mingi ilipita ndipo nikatambua kwamba askari hawana matairi.

Lakini ulikuwa mchezo, jamani. Ulikuwa mchezo hasa. Mchumba wangu alikuwa anapata dadu nzuri, anapanda anaimba, anakaribia kabisa vichaka vya Newala, halafu anapapasa mfukoni na kukuta punje imeisha, na jeshi linateremka zima zima huku baraza lote linapiga kelele za lori. Wateja wa mjomba walioleta suruali kupunguzwa walikaa kutazama wakasahau suruali. Watu waliokuwa wanapita njiani walikuwa wanasimama na kupiga ukelele, "Weka gogo! Weka gogo, kaka!" Mjomba alishona mkono wa blauzi ya mtu kwenye kola, akaishika juu akaitazama, akasema itamfaa hivyohivyo. Mbavu sikuwa nazo. Kila Jumamosi nilikuwa nalisubiri lori kutoka Masasi nikijua linaniletea mambo mawili ninayoyapenda, na sitasema lipi lilitangulia.

Na nilikuwa nashinda. Kila mara nilikuwa nashinda. Mlima wenye gogo ulikuwa mgumu kiasi cha kunoga, lakini ulikuwa bado mlima wangu.

Pengine ndiyo maana mjomba aliposema lile jambo sikutetemeka. Aliweka mkasi chini na kukohoa kama mtu anayefungua mkutano. "Hawa washenga nimechoka nao," alisema. "Siku hizi kila kitu ni soko huria, serikali imejitoa. Na mimi najitoa. Jumamosi ijayo mcheze. Akishinda mpwa wangu, kijana apande akae huku kama desturi. Akishinda kijana, mpwa wangu ateremke, na mimi sitafungua mdomo."

"Mjomba, wewe usifungue mdomo?" nikamuuliza.

"Nitajitahidi."

Nikakubali. Mchumba wangu akakubali naye, uso umemkunjika kama aliyekubali kuchomwa sindano.

Jumamosi ile watu walikuwa wengi mpaka wengine walikaa juu ya ukuta. Mchumba wangu alikuja ametulia mno. Akamwamkia mjomba, "Shikamoo mjomba," mjomba akaitika marahaba huku anapanga punje, na sote tukaketi. Nikapiga dadu, nikajipanga juu ya ukingo, magogo yangu tayari kwa yeyote atakayetaka kushuka kupigana.

Yeye hakupanda. Alitoa majeshi yake Masasi polepole, akayaleta mpaka chini ya ukingo, akayapanga kuizunguka ile chaki ya bluu, akakunja mikono. Zamu yake ikafika, akasema napita. Ikafika tena, napita.

"Panda!" watu wakapiga kelele. "Mngoni gani huyu?"

"Mjomba," akasema kwa adabu, "naomba kuuliza sheria. Watu wa juu wanakunywa nini?"

Mwanamke mmoja aliyekuja kuchukua gauni akaanza kucheka, mdogomdogo kwanza, kisha akajishika tumbo.

"Hakuna sheria ya maji!" nikasema.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyetaka mlima uwe wa kweli. Chemchemi umezichora wewe."

Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa, akainamia manila. Nilimwona anahesabu mabonde kichwani, anatafuta juu ya mlima wote tone moja la kuninusuru. "Muluku wangu," alisema, akimwita Mungu kwa Kimakua. "Kweli. Hawana maji."

Nilibisha mpaka sauti ikakauka. Nilisema kuna umande. Nilisema watu wa zamani walikuwa wanakula matango pori. Mjomba akaamua kila zamu ninayokaa juu bila maji nipoteze jeshi moja. Nikateremsha wanawake, ambao tuliwafanya kwa vizibo vya soda kama ndoo zao, na mchumba wangu akawapokea kwa heshima zote: "Shikamoo mama, karibu, ndoo weka hapa, wewe kaa pale kivulini." Watu walianguka kwa kicheko. Hata mimi nilicheka, nilikuwa naangamia na nacheka. Mwisho nikashusha jeshi langu zima kwa hasira, na kushuka nako kunataka gogo, nikaishiwa punje katikati ya ukingo, tukaserereka wote mpaka miguuni pake, huku baraza zima linapiga honi.

Newala ikaanguka. Mjomba alifungua mdomo, akaufunga.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu nikaona hayataki kukatika. Nikainuka, nikazunguka nyuma ya nyumba. Mchumba wangu alinifuata.

"Sikutaka iwe hivi," alisema.

"Ulitaka iweje?"

"Sijui. Nilitaka kushinda tu, mara moja tu." Alikuwa ameogopa kuliko mimi. "Tukiongea na mjomba, labda..."

"Tulikubaliana," nikamwambia, na nikaenda nyumbani kumwambia mama.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anamenya muhogo. Nikakaa pembeni yake. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikayasema yote vibaya: kwamba nimeshindwa, kwamba itanibidi niteremke Masasi, kwamba nitaomba uhamisho lakini kila likizo nitakuwa hapa, na mabinti wa jirani nitawapa kitu wawe wanamchotea maji.

"Lini?" akauliza.

"Baada ya harusi. Lakini mama, nitakuja kila..."

"Nauliza lini, nijue nianze kufunga vitu."

"Vitu gani?"

"Vyangu." Aliutupa muhogo kwenye beseni. "Desturi inasema mume akakae kwa mama mkwe. Haikusema wapi. Mama mkwe akiwa Masasi, mume atakaa Masasi. Kuna ugumu gani hapo?"

Nikamwambia kuhusu nyumba. Nikamwambia kuhusu kiwanja cha bibi. Nilisema kwa uchungu, kana kwamba yeye ndiye aliyetaka kukiuza na mimi nakitetea.

"Bibi yako maneno yake ya mwisho yalikuwa kuuliza kama mtungi una maji," mama alisema. "Wewe ndiye mjukuu wake wa kwanza kusoma, nikadhani utanishusha kutoka huku. Wewe ukarudi na cheti, ukakaa. Nikasema haya, mtoto anapenda mlima."

"Mimi nilikuwa nakaa kwa ajili yako!"

"Uliniuliza?"

Nikaona mdomo wake unacheza kwa kuzuia kicheko, na jambo likanijia. "Mama. Nani alimwambia habari ya maji?"

"Alipita asubuhi kuniamkia, wewe umeshakwenda kwa mjomba wako." Kwa desturi mkwe hamsogelei mama mkwe, kwa hiyo kijana alikuwa amesimama kule mbali kwenye mkorosho, kichwa chini, na mama yuko huku mlangoni, wanazungumza kwa kupaza sauti, na majirani wote wanasikia. "Akaniambia leo ndiyo leo na hajui afanye nini. Nikamwambia, usipande, mwanangu. Wewe kakae kisimani. Huku juu hakuna mtu asiyeshuka." Akachukua muhogo mwingine. "Tangu siku ya kwanza namwombea ashinde. Lakini nilipowaona na hayo magogo yenu, nikasema hawa watazeeka."

Tulicheka pale mkekani mpaka jirani akaja kuuliza nani amefiwa.

Tulishuka baada ya harusi. Mama alikaa mbele na dereva, na kila kona alikuwa anapiga makofi. Uani kwa mume wangu Masasi palikuwa na kisima chenye kamba na ndoo. Asubuhi ya kwanza niliamka nikamkuta mama amesimama kando yake, kanga imekunjwa mpaka magotini, na mume wangu amejibanza nyuma ya uzio na taulo begani, hawezi kumsogelea mkwewe na anachelewa sokoni. Mama akavuta ndoo, imejaa mpaka inamwagika. Akaiinua, akaimimina yote miguuni mwake, taratibu, maji yakaenda zake kwenye mchanga.

"Mama, unaosha nini?" nikamuuliza.

"Siyo kuosha," alisema. "Namwaga tu." Akateremsha ndoo tena.